Raman imenifunza mengi kuhusu grafini, na kuhusu wauzaji wake pia

Watu wakisikia nafanya kazi na grafini, yaani kaboni yenye unene wa atomu moja tu, swali huwa lilelile, "hiyo si ndo ile itakayoleta betri ya kujaa dakika moja?" na mi najibu tu eeh ndo hiyohiyo, naendelea na chai yangu, maana ukianza kueleza mtakesha. Kiukweli kazi yangu ya kila siku haina betri wala simu ya kukunja. Nakaa kwenye chumba cha giza huku kaskazini mwa Uingereza, nyuma ya pazia zito jeusi, mbele yangu hadubini iliyofungwa leza ya kijani, mashine tunayoiita Raman, na kazi yenyewe ni kujibu swali moja: hiki nilicholetewa ni kitu gani hasa? Ni tabaka moja la kaboni, ni mawili, ni kumi, au ni masizi ambayo mtu kayapa jina la kupendeza?

Naandika hapa kwa sababu vijana wa nyumbani wananijia sana inbox, wengi wanasoma fizikia au kemia, wengine wanatafuta skolashipu, wanataka kujua hii mashine inafanyaje kazi na kama kweli inasema kila kitu kama wanavyosoma mitandaoni. Haisemi kila kitu. Inajibu ulichouliza, pale ulipouliza, na hapo ndo shida nyingi zinapoanzia.

Raman ni jina la mtu. C.V. Raman alikuwa mwanafizikia wa India, utafiti wake aliufanyia Kolkata, na tarehe 28 Februari 1928 yeye na K.S. Krishnan wakathibitisha kitu ambacho walikuwa wanakifukuzia muda mrefu, mwaka 1930 akapewa Nobel na India mpaka leo inaiadhimisha hiyo tarehe kama siku yao ya sayansi. Kitu chenyewe ni hivi: ukipiga mwanga wa rangi moja kwenye kitu chochote, karibu wote unarudi na rangi ileile uliyokwenda nayo, lakini sehemu ndogo sana, kama fotoni (chembe ya mwanga) moja kwenye milioni kumi hivi, inarudi rangi imebadilika kidogo kwa sababu imeacha nishati kiasi kwa atomu zinazotetemeka mle ndani. Kila kitu kinatetemeka kwa namna yake, kwa hiyo ukipima rangi imehama kiasi gani unajua umekutana na nani. Ndo mana mashine yote, hizo mamilioni ya pesa, sehemu kubwa imejengwa kwa ajili ya kutupa: kichujio kinakata mwanga wa leza, kioo chenye mistari myembamba kinatawanya rangi zilizobaki, kamera imepozwa mpaka chini ya nyuzi 60 hasi isije ikapiga kelele zake yenyewe. Na Raman alianza na mwanga wa jua, vichujio vya rangi na macho yake. Nikikumbuka hilo huwa naona aibu kulalamika kwamba kompyuta ya maabara ni slow.

Sasa grafini. Hii stori ya selotepu wengi mnaijua, Geim na Novoselov wa Manchester, makala ya 2004, Nobel ya 2010. Unachukua kipande cha grafiti, ileile familia ya risasi ya penseli, unakibandika kwenye selotepu, unakunja, unabandua, unakunja tena unabandua, mpaka selotepu nzima imekuwa na vumbi la kijivu linalong'aa, halafu unaigandamiza kwenye kibati kidogo cha silikoni chenye ngozi ya oksaidi ya nanomita kama 300 juu yake, unabandua polepole. Polepole kwelikweli, ukiwa na haraka gundi inabaki na kila kitu kinaharibika. Chini ya hadubini hiyo silikoni inaonekana zambarau. Vipande vinene vya grafiti vinang'aa njano au vyeupe kabisa, vyembamba vinaelekea bluu, na tabaka moja ni kama kivuli tu, zambarau iliyokolea kidogo kuliko zambarau ya pembeni, unaweza kupita juu yake usiione. Tabaka moja lina unene wa nanomita 0.335 na linameza asilimia 2.3 tu ya mwanga, kama isingekuwa ile oksaidi kuchezesha mawimbi ya mwanga usingeona kitu kabisa. Jicho linazoea lakini. Sahivi nikipewa hadubini nakitafuta hicho kivuli kabla hata sijakaa vizuri kwenye kiti.

Ukishakipata unaweka lenzi ya mara 100, unafokasi, unafunga pazia, unafungua leza. Kitone cha leza ya nanomita 532 kikitoka kwenye lenzi nzuri kina upana wa chini kidogo ya maikromita moja. Sekunde chache, spektra, yaani mchoro wa rangi zilizorudi na nguvu ya kila moja, inatokea kwenye skrini, na ikiwa grafini nzuri utaona vilele viwili vimesimama, basi. Cha kwanza kinaitwa G, kipo kwenye 1580 hivi, cha pili kinaitwa 2D, kwa leza ya kijani kipo karibu na 2680. (Hizo namba zinahesabu mawimbi mangapi yanaingia kwenye sentimita moja, ndo kipimo cha rangi imehama kiasi gani, ukizoea husemi tena kipimo unasema tu "kumi na tano themanini".) Kuna cha tatu, D, karibu na 1350, hiki hutaki kukiona, kinatokea pale tu grafini ikiwa na kasoro, atomu imetoka, kuna mpasuko, au umepiga kwenye ukingo wa kipande. Kilichonichanganya zamani ni kwamba 2D ni mtetemo uleule wa D ukiwa umejizidisha mara mbili, lakini wenyewe hauhitaji kasoro yoyote, upo tu muda wote. Atomu zina mambo yao.

Mwaka 2006 mtafiti Ferrari na wenzake walionyesha kwamba umbo la 2D ndo linakwambia matabaka mangapi. Tabaka moja linatoa kilele kimoja chembamba kilichosawazika pande zote. Matabaka mawili, kilele kinanenepa na ukikichambua unakuta vimejificha vinne ndani yake. Ukiendelea kuongeza kinaelekea kufanana na cha grafiti ya kawaida, chenye bega upande wa kushoto. Hili jambo lilirahisisha maisha ya watu wengi sana kwa sababu kabla ya hapo ilibidi upime unene kwa sindano ya hadubini ya atomu, kazi ya kuchosha, na matokeo yenyewe yanabishaniwa.

Lakini mitaani, namaanisha mitaa ya maabara, hiyo kanuni imefupishwa ikawa "2D ikiwa juu ya G mara mbili basi ni tabaka moja", na watu wanaishika hivohivo kama sala. Mi siipendi. Uwiano huo unaharibiwa na chaji. Grafini ikikaa juu ya oksaidi, ikapata unyevu, ikapata hewa, inapokea au inatoa elektroni, na hapo G inapanda namba na kuwa nyembamba zaidi huku 2D ikishuka kimo, kwa hiyo tabaka moja kabisa linaweza kukuonyesha uwiano mdogo ukalitupa bure. Na kinyume chake kipo pia: ukiwa na matabaka mawili au matatu yaliyolaliana kwa pembe za hovyohovyo, hayajapangana kama kwenye grafiti, 2D inaweza kutoka kilele kimoja kizuri tu, ukashangilia. Cha kuangalia hapo ni upana. Kipande safi cha selotepu cha tabaka moja 2D yake ina upana wa 25 au 30 hivi, ukiona kimoja lakini kina 50 anza kuuliza maswali.

Haya, tuje kwenye kitu ambacho naona ndo kimenibadilisha zaidi, nacho ni kwamba nukta moja haitoshi. Grafini ya selotepu ni ndogo, ukipiga nukta mbili tatu umeimaliza. Ila grafini ya viwandani inaoteshwa kwenye karatasi ya shaba kwa gesi ya methani kwenye tanuru la nyuzi kama 1000, njia iliyopata umaarufu mwaka 2009 kutoka kwa kina Ruoff pale Texas, halafu inapakwa plastiki juu, shaba inayeyushwa na kemikali, utando unaobaki unaelea kwenye maji kama hakuna kitu, unauvua na silikoni, unayeyusha plastiki. Kila hatua ina namna yake ya kuumiza. Kuna mikunjo, kuna mipasuko, kuna visiwa ambavyo tabaka la pili limeota, kuna mabaki ya plastiki yanang'aa na kuinua spektra nzima juu. Sasa kwenye sampuli ya sentimita moja kwa moja wewe umepiga nukta moja ya chini ya maikromita, umepata vilele vizuri, unaandika kwenye ripoti "grafini bora ya tabaka moja". Hilo ni fungu la nyanya sokoni, nzuri ziko juu.

Kuna jamaa Mkenya tulikuwa naye maabara, kijana mkali kweli kwenye hesabu, siku moja tunabishana hapohapo mbele ya skrini. Akaniambia, "Wewe wacha stress bana, weka hii nukta poa zaidi, D haiko, riviua hawezi uliza." (Riviua ni yule anayekagua makala kabla haijachapishwa.) Nikamuuliza na akiuliza je? "Akiuliza tutampea ingine poa." Tulicheka, ila nikamwekea ramani kabisa aione. Mraba wa maikromita 30 kwa 30, hatua ya nusu maikromita, ni nukta 3,600, ukitoa sekunde moja kwa nukta ni saa nzima. Tukaenda kula. Tumerudi, ramani ya uwiano wa D kwa G imejichora, na katikati ya ule mraba ambao kwa hadubini ulikuwa safi kabisa kuna mistari mirefu ya D inakatiza kona mpaka kona, nyufa ambazo macho hayazioni, pembeni kuna visiwa vya matabaka mawili vimetapakaa. Nukta yake poa ilikuwa kweli, haikudanganya, ilikuwa tu inaongelea sehemu yake. Tangu hapo mtu akiniletea spektra moja namuuliza kwanza ramani iko wapi, wengine wananiona mkorofi.

Kitu kingine ni nguvu ya leza. Hapa watu wanaona milliwati ni kitu kidogo, kalamu ya leza ya kuchezea paka ina zaidi. Lakini ibane hiyo milliwati kwenye kitone cha chini ya maikromita ujue moto wake. Kwa grafini kawaida tunakaa chini ya milliwati moja. Ikipata joto kilele cha G kinashuka, kama 0.016 kwa kila nyuzi, yaani ukiipasha nyuzi 100 kimehama 1.6, na hiyo 1.6 inatosha mtu kuandika makala nzima kwamba grafini yake imevutwa au imepata chaji kumbe ameichemsha mwenyewe. Kinachonifurahisha ni kwamba kuna watu waliugeuza huo usumbufu ukawa kipimo. Mwaka 2008 Balandin na wenzake wa California walitandaza grafini ikaning'inia juu ya mfereji, wakaipasha makusudi na leza ya Raman, wakasoma joto kwa G inavyoshuka, wakapata uwezo wa kupitisha joto wa kama 5000 kwa vipimo ambavyo shaba ina 400. Leza moja, kazi mbili, jiko na kipimajoto.

Kwa poda ya oksaidi ya grafini, yaani grafini iliyoshikamana na oksijeni, ndo uwe makini zaidi. Ile inakunywa mwanga na haina pa kupeleka joto. Ukiiwekea leza kali unaona kwa macho kwenye skrini ya hadubini, katikati ya poda ya kahawia kunatokea kidoa cheusi, kinapanuka taratibu, spektra nayo inabadilika kila ukipima. Hapo hupimi tena sampuli, unaipika. Mi nina utaratibu mmoja, napima, nasubiri, napima tena palepale kwa nguvu ndogo zaidi. Zikifanana naendelea. Zisipofanana ile ya kwanza inaenda kapuni hata iwe imetoka nzuri kiasi gani.

Halafu kuna vilele ambavyo si vya sampuli yako kabisa, hivi hamna mtu anakufundisha darasani. Taa za zamani za tyubu zina zebaki ndani, zebaki ina mstari wa kijani kwenye nanomita 546, ukitumia leza ya 532 huo mstari unaangukia kwenye 484 hivi, mwembamba na mkali, kwa hiyo ukiona kitu kimesimama hapo funga pazia kabla hujaita watu. Hewa nayo inaongea. Naitrojeni iko 2331, oksijeni 1556, na ukiacha kamera muda mrefu kwenye grafini yenye ishara ndogo utaviona hivyo vijilele, cha oksijeni kipo karibu mlangoni kwa G kabisa, watu wameshawahi kukipa jina. Cha naitrojeni mi nakipenda, kwa sababu hewa ya bure inanithibitishia kwamba mashine haijahama. Na kuna miale ya kutoka angani, hiyo inagonga kamera muda wowote inavyojisikia, inaacha kijiti kimoja kirefu chembamba popote pale kwenye spektra. Ukirudia kipimo hakipo. Mwanafunzi mmoja alishawahi kunijia usiku amefurahi mno amepata kilele kipya kwenye 1900 na kitu, nikamwambia mdogo wangu rudia, akarudia, akakaa kimya, nikamnunulia kahawa.

Asubuhi kabla ya yote unapima silikoni. Kilele chake kiko 520 na nusu hivi, kama mashine inasema 519 unairekebisha ndo unaendelea. Inachosha lakini nimeona watu wamebishana miezi kuhusu tofauti ya namba moja kati ya maabara mbili na shida ilikuwa hapo. Nyingine inayofanana na hiyo ni leza tofauti. D na 2D vinahama kulingana na rangi ya leza, 2D ya kwenye 2680 kwa kijani unaikuta kama 2640 kwa leza nyekundu ya 633, grafini ni ileile. G haihami. Kwa hiyo ukikuta jedwali limechanganya makala za leza tofauti na mtu anasema "2D imeshuka kwa sababu ya mvutano", funga hiyo faili.

Kuna na ule uwiano wa D kwa G, ambao tangu Tuinstra na Koenig mwaka 1970 unatumika kukadiria ukubwa wa fuwele, D ikiwa kubwa fuwele ni ndogo. Sawa, ila kuna mwisho wake. Ukizidi kuiharibu grafini uwiano unapanda, unapanda, kasoro zikifika umbali wa nanomita tatu hivi kati ya moja na nyingine unaanza kushuka tena, kwa sababu sasa hata pete za kaboni za kutetemeka zimeisha. Maana yake ni kwamba namba ileile ndogo inaweza kuwa ya kitu kizuri sana au kitu kilichokufa kabisa, na ukitaka kujua angalia kama vilele ni vyembamba au vimevimba na kuingiliana.

Hili linanipeleka kwa wauzaji. Kuna kijana wa Dar, fundi magari na ni mtu wa kujisomea, aliniandikia, "Shikamoo kaka, samahani kwa usumbufu, kuna hii poda ya grafini ya kuweka kwenye oili ya injini, wanasema inapunguza msuguano, ni kweli au tunapigwa?" Akanitumia kidogo kupitia mtu aliyekuwa anasafiri. Nimeiweka kwenye kioo, nimepiga sehemu nyingi mbalimbali. D ipo ndogo, G ipo, na 2D ina bega lake kushoto kila nilipogusa. Grafiti. Grafiti iliyosagwa vizuri, safi tu, na grafiti kweli inalainisha, imetumika kama kilainishi miaka mingi kabla ya mimi na yeye kuzaliwa, ila bei aliyouziwa haikuwa ya grafiti. Nikamwandikia hivo. Akajibu, "Kwa hiyo kaka nimenunua penseli." Sikuwa na la kumwongezea.

Na msidhani ni ujanja wa Kariakoo tu. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha taifa cha Singapore, akiwemo Castro Neto, walitoa utafiti wa sampuli kutoka kampuni 60 za Amerika, Asia na Ulaya, zote zinauza "grafini". Nyingi zilikuwa na chini ya asilimia 10 ya grafini kwa maana ya vipande vya matabaka yasiyozidi kumi, na hakuna hata moja iliyofika zaidi ya asilimia 50. Sasa fikiria watafiti wangapi wamenunua hizo poda, wakachanganya kwenye saruji au plastiki, hawakuona faida, wakaandika kwamba grafini haisaidii. Mwaka 2021 ISO, shirika la kimataifa la viwango, ikatoa mwongozo wa namna ya kupima, ISO/TS 21356-1, na Raman imo mle pamoja na hadubini za aina nyingine. Na kama muuzaji anakuletea spektra moja tu kwenye kipeperushi, mshukuru, mwombe poda.

Upande wa pili wa hii stori ni grafiti yenyewe, ambayo sisi tunayo. Mi nimekulia Ifakara, na mjomba wangu anaishi Mahenge, wilaya ya Ulanga, huko grafiti iko kwenye miamba ukiishika mkono unabaki mweusi unaong'aa. Makampuni ya uchimbaji yalipoanza kuja na kuondoka maneno yakawa mengi kijijini, dalali mmoja akawaambia watu kwamba mawe yao yana grafini ndani na kilo moja ni mamilioni. Mjomba akanipigia. "Mjomba, shikamoo," nikamwamkia, "Marahaba mjomba, hebu niambie, haya mawe si umesema ndo unayoyasomea huko?" Nikamwambia kwa namna fulani ndiyo.

Nilivyokwenda likizo nilirudi na vipande. Hapa kuna kitu kizuri kwa mtu wa Raman, miamba ya huko ilipikwa ardhini kwenye joto kubwa mno zamani sana, na joto likiwa kubwa kiasi hicho kaboni inajipanga vizuri mpaka kilele cha D karibu kinapotea. Wanajiolojia wana kipimajoto chao cha Raman kwa hili, kazi ya Beyssac na wenzake ya 2002, unasoma D ikoje unakadiria mwamba ulifikia nyuzi ngapi, inafanya kazi mpaka kama 650, juu ya hapo mpangilio umeshakamilika na hakuna tena cha kusoma. Sasa teknishani wa maabara, mtu mwema na msafi sana, alitaka kunisugulia sampuli ing'ae kama zinavyosuguliwa sampuli nyingine za miamba. Nikamzuia mlangoni. Grafiti ni laini, ukiisugua unavuruga yale matabaka ya juu na D inatokea ambayo haikuwepo, utakadiria joto dogo kuliko la kweli. Njia nzuri ni kutafuta kipande kilichokaa chini ya fuwele linalopitisha mwanga, kama kwatzi, unafokasi kupita ndani yake, au unabandua na selotepu upate uso mpya. Nimebandua na selotepu. D ilikuwa haionekani kabisa kwenye sehemu nyingi nilizopima, G nyembamba, 2D na bega lake. Spektra nzuri niliiweka kwenye skrini ya laptop ikakaa mwezi mzima.

Nikampigia mjomba nimwambie mawe yake ni grafiti iliyojipanga vizuri sana. Akauliza bei. Hapo ndo ikabidi niwe mkweli, hiyo hadubini yote na leza yake haijui bei. Mnunuzi wa grafiti anaangalia mambo mawili makubwa, vipande vina ukubwa gani na kaboni ni asilimia ngapi, na ukubwa unapimwa na chekeche, kaboni unachoma unapima majivu. Vipande vikubwa ndo vyenye hela, kwa hiyo anayesagasaga ovyo anajipunguzia mwenyewe. "Kwa hiyo chekeche linakushinda wewe na shule yote hiyo?" Kwa hilo linanishinda mjomba, nikamjibu, na yeye akaenda kuwaambia wenzake hivohivo bila kupunguza neno.

Kuna waliouliza kuhusu vitu vingine zaidi ya grafini. Vipo, na Raman inavipenda. Molibdenamu disalfaidi kwa mfano ina vilele viwili jirani, kimoja karibu 384 na kingine karibu 404, na ukipima umbali kati yao unajua matabaka: tabaka moja ni kama 18 au 19, kipande kinene ni 25 au 26. Naona ni rahisi kuliko grafini kwa mtu anayeanza, kwa sababu unapima umbali kati ya vilele viwili vya spektra ileile na mashine ikiwa imehama kidogo vyote vimehama pamoja. Fosforasi nyeusi ni kasheshe, hewa inaila ukiiangalia, lazima uwe na haraka au uifungie kwenye gesi. Boroni naitraidi ina kilele chake karibu 1366, ambapo ni jirani kabisa na D ya grafini, na kwa bahati mbaya watu wanapenda kuweka grafini juu yake. Utaamua mwenyewe nani ni nani.

Kwa wale ambao chuo chenu hakina mashine, msisubiri. Kuna hazina ya spektra za madini inaitwa RRUFF, ya chuo kikuu cha Arizona, iko bure, unapakua faili la maandishi tu. Chukua spektra za grafiti, fungua na Python au hata na eksel kama huna njia nyingine, angalia kwanza leza ilikuwa ya rangi gani. Kazi ya kwanza chukua 2D ifiti na vilele viwili, yaani ijenge upya kwa kujumlisha vilele viwili vya hesabu mpaka vifanane nayo, halafu ifiti tena na vinne, utashangaa vyote vinakaa vizuri na mstari unapita palepale. Niandikie sababu ya kuchagua viwili au vinne bila kutaja kwamba mstari umekaa vizuri. Na mkinitumia spektra zenu, andikeni leza gani, nguvu kiasi gani kwenye sampuli, lenzi gani, sekunde ngapi, imekaa juu ya nini, na sehemu ngapi mmepima. Bila hivyo sifungui.